Jumia: Ugomvi ulikuwa wa uraia, hasara ilikuwa ya hesabu

Mtu aliyenunua hisa za Jumia mwezi Februari 2021 kwa dola 60 za Kimarekani na kuzishikilia hadi Aprili 2025 alibakiwa na chini ya dola 2 kwa kila hisa. Katika kila dola 100 alizoweka, zilizosalia hazikufika 4. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba angesema mtaji umekatika.

Ukurasa huu unairudia habari hiyo kwa sababu moja. Kwa miaka hiyo yote kampuni hiyo ilizungumzwa sana kuliko karibu kampuni nyingine yoyote ya teknolojia inayouza bidhaa Afrika. Watu waligombana kuhusu uraia wake, uaminifu wake na uwezo wake wa kuwa "Amazon ya Afrika". Habari iliyomhusu mwekezaji mdogo ilikuwa imechapishwa na kampuni yenyewe kabla ya hisa ya kwanza kuuzwa. Wachache waliisoma.

ILIVYOANZA

Jumia ilianzishwa Lagos mwaka 2012 kwa mtaji wa Rocket Internet ya Ujerumani. Biashara yake ni duka la kwenye mtandao. Mteja anachagua bidhaa kwa simu au kompyuta, muuzaji anaitoa, Jumia inaipeleka, na mara nyingi mteja analipa fedha taslimu mlangoni. Baadaye ilienea nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Kampuni ya simu ya MTN ya Afrika Kusini iliingia kama mwanahisa mkubwa.

Tarehe 12 Aprili 2019 iliingia Soko la Hisa la New York. Hati milioni 13.5 ziliuzwa kwa dola 14.50 kila moja, na kampuni ikapata takriban dola milioni 196. Jioni ya siku hiyo bei ilifungia dola 25.46, yaani kupanda kwa asilimia 75 kwa siku moja. Wiki tatu baadaye ilikuwa inakaribia dola 50.

Kwa ufupi, bei ilikwenda hivi:

Aprili 2019, bei ya kuuzia: dola 14.50
Mwanzoni mwa Mei 2019: karibu dola 50
Machi 2020: chini ya dola 3
Februari 2021: iligusa karibu dola 70
Mwisho wa 2022: dola 3 na ushei
Aprili 2025: chini ya dola 2
Baadaye mwaka huo huo wa 2025: juu ya dola 10

Anayeitazama orodha hii ataona kuwa kuna waliotajirika na waliofilisika kwa hisa ile ile. Wote walikuwa na maoni makali, na karibu wote walibishana juu ya jambo lisilo lenyewe.

UGOMVI WA KWANZA: NI YA NANI?

Kampuni ilipotangazwa kuwa kampuni changa ya kwanza ya teknolojia ya Afrika kuingia soko la New York, wajasiriamali wengi wa Kiafrika walikuja juu. Walihoji Uafrika wake uko wapi. Kampuni imeandikishwa Ujerumani, waanzilishi wawili waliokuwa wakiiongoza ni Wafaransa, ofisi ya wakuu ilikuwa Dubai na mafundi wa programu walikuwa Porto, Ureno. Kampuni ilijibu kwamba wateja wake wote wako Afrika na maelfu ya wafanyakazi wake ni Waafrika.

Hoja ya walalamikaji haikuwa ya upuuzi. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye wazo kama hilo hilo alikuwa hapati hata sehemu ndogo ya mtaji ambao mgeni aliupata kirahisi. Hilo ni jambo la kweli na linastahili kusemwa kwa sauti. Lakini kwa mwenye kununua hisa, cheti cha kuzaliwa cha kampuni hakimwambii kama kampuni italeta fedha au itazila. Waliokataa kununua kwa sababu Jumia si ya Kiafrika walinusurika kwa bahati. Walionunua kwa sababu ni ya Kiafrika waliumia, na sababu yao ilikuwa dhaifu kiasi hicho hicho.

UGOMVI WA PILI: NI UDANGANYIFU?

Tarehe 9 Mei 2019, Andrew Left wa Citron Research ya Marekani alitoa ripoti iliyoiita Jumia udanganyifu. Bei ilianguka kwa karibu asilimia 19 siku hiyo.

Left ni muuzaji wa hisa za kuazima. Mtu wa kazi hiyo anaazima hisa, anaziuza leo, kisha anangoja zishuke azinunue kwa bei ya chini na kuzirudisha kwa mwenyewe. Tofauti ndiyo faida yake. Kwa hiyo anaposema kampuni ni mbovu, msikilizaji ajue kuwa msemaji anakula pale bei inaposhuka. Hiyo haina maana kuwa anasema uongo. Ina maana kuwa maneno yake yapimwe kama maneno ya dalali mwingine yeyote.

Hoja yake kubwa ilikuwa tofauti ya takwimu. Alidai kuwa maelezo waliyopewa wawekezaji mwezi Oktoba 2018 yalionyesha asilimia 41 ya maagizo yalirudishwa, hayakufika au yalifutwa. Waraka wa matarajio uliowekwa hadharani ulitaja asilimia 14.4. Kampuni ilikanusha madai ya udanganyifu. Kwa haki, hesabu hizo mbili hazikuwa za kitu kimoja. Ya kwanza ilichanganya na maagizo yaliyofutwa, na ya pili ilipima thamani ya mali iliyoshindikana kufikishwa au iliyorudishwa.

Agosti mwaka huo kampuni yenyewe ilieleza kuwa baadhi ya mawakala wake wa mauzo Nigeria walihusika na mauzo yasiyofuata taratibu, ikasema ni sehemu ndogo tu ya biashara. Mwaka 2020 ilikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza kesi za wanahisa huko Marekani. Kumaliza kesi kwa mapatano si kukiri kosa, lakini fedha hizo hazikuwafuta machozi walionunua kwa dola 40.

Na Left? Mwishoni mwa 2020 aligeuka akasema sasa anaipenda hisa ile ile, na bei ikapanda. Mwezi Julai 2024 vyombo vya sheria vya Marekani vilimshitaki kwa madai ya kuchezea bei za hisa za makampuni mbalimbali. Yeye alikana. Ukurasa huu hautoi hukumu kabla ya mahakama. Tunasema tu kwamba mwekezaji mdogo aliyemfuata alipoponda, kisha akamfuata aliposifu, alikuwa abiria anayepanda basi kwa kusikiliza mpiga debe bila kusoma kibao cha njia.

YALIYOANDIKWA WAZI

Waraka wa matarajio wa 2019 ulisema bila kuficha kuwa kampuni haijawahi kupata faida tangu ianzishwe. Hasara zilizolimbikizwa hadi Desemba 2018 zilikuwa Yuro milioni 862. Kwa mwaka 2018 peke yake mapato yalikuwa takriban Yuro milioni 129 na hasara takriban Yuro milioni 170. Kwa maneno ya sokoni, kila Yuro moja iliyoingia ilifuatana na Yuro moja na senti thelathini iliyopotea juu yake.

Hakuna aliyehitaji kufichuliwa siri hapo. Swali lilikuwa moja tu: je, kampuni ikikua, hasara itapungua au itakua nayo?

HESABU YA KIFURUSHI

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni zetu, za kuonyesha njia tu, wala si za Jumia.

Duka la mtandao linauza kifaa cha sh. 40,000. Kamisheni kwa muuzaji ni asilimia 10, yaani sh. 4,000. Mteja analipia usafiri sh. 3,000. Pato la duka ni sh. 7,000. Sasa gharama: bodaboda na upangaji wa mizigo sh. 6,000, ghala na ufungaji sh. 1,500, simu za kumtafuta mteja na ukusanyaji wa fedha sh. 500. Jumla sh. 8,000. Duka limepoteza sh. 1,000 kabla ya kulipa matangazo, kodi ya ofisi au mshahara wa mtu yeyote.

Vifurushi kumi vikifika vyote, hasara ni sh. 10,000. Lakini tuseme viwili vimekataliwa mlangoni. Mteja hana fedha siku hiyo, au hayupo, au amebadili nia. Pato ni la vifurushi vinane, sh. 56,000. Gharama za kupeleka kumi ni sh. 80,000, na kuvirudisha viwili ghalani ni sh. 3,000 kila kimoja. Jumla ya gharama ni sh. 86,000, na hasara imekuwa sh. 30,000. Vifurushi viwili tu katika kumi vimeizidisha hasara mara tatu.

Ndiyo maana ule ubishi wa maagizo yaliyorudi ulikuwa na uzito kuliko ule wa uraia. Kwa bahati mbaya watu waliugeuza kuwa ubishi wa nani mwongo, wakaacha kuuliza kila kifurushi kinachorudi kinagharimu kiasi gani.

Mfano huo unaonyesha jambo la pili. Duka la namna hiyo likiongeza mauzo mara kumi bila kubadili kitu, limeongeza hasara mara kumi. Wateja wapya wanaovutwa kwa punguzo la bei na usafiri wa bure wanaongeza idadi kwenye taarifa ya robo mwaka na kupunguza fedha benki. Mwenye duka la rejareja anayeuza chini ya bei ya jumla anaona watu wamejaa mlangoni, lakini jioni droo haimdanganyi.

TANZANIA ILIONYESHA MAPEMA

Wasomaji wetu wa Tanzania wanakumbuka. Tarehe 27 Novemba 2019, miezi saba baada ya shangwe za New York, Jumia ilisimamisha shughuli zake nchini. Siku chache kabla ilikuwa imefunga Cameroon. Mwanzoni mwa 2020 ikaacha huduma ya chakula Rwanda. Maelezo yalikuwa kwamba kampuni inataka kuelekeza nguvu kwenye masoko mengine.

Kwa mfanyabiashara aliyekuwa akiuza kupitia jukwaa hilo ilikuwa pigo. Kwa mwekezaji ilikuwa taarifa. Kampuni iliyodai kuwa bara zima ni soko lake ilikuwa imekiri kuwa si kila soko linalipa. Barabara, anwani zisizo na namba za nyumba, umbali kati ya ghala na mteja, na uzito wa mfuko wa mteja ndivyo vinavyoamua.

Si Jumia peke yake. Copia ya Kenya ilijaribu njia nyingine kwa kutumia mawakala wa vijijini ili mteja afuate mzigo dukani. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji. Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi. Wenye nia njema, wenye elimu na wenye mtaji wameshindwa na hesabu ile ile.

NANI ALIUZA BEI ILIPOKUWA JUU?

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie. Kati ya mwisho wa 2020 na robo ya kwanza ya 2021, bei ilipopaa, kampuni yenyewe ilitoa hati mpya mara mbili na kukusanya zaidi ya dola milioni 500. Hakukuwa na kosa lolote. Kampuni inayohitaji fedha huuza karatasi zake pale zinapopendwa. Lakini aliyenunua siku zile ajiulize: kama wanaoijua kampuni kwa ndani waliona ile ni bei nzuri ya kuuza, yeye alijua nini zaidi yao?

Waanzilishi wa mtaji nao walishaondoka. Rocket Internet iliuza hisa zake zote kufikia mwaka 2020. MTN iliuza zake mwaka huo huo, na bei ikapaa miezi michache baadaye. Kwa hiyo wakubwa nao hukosea saa ya kuuza. Tofauti ni kwamba mkubwa akikosea anapunguziwa faida, na mdogo akikosea anauza kiwanja.

Agosti 2024 kampuni ilitoa hati nyingine milioni 20 na kupata karibu dola milioni 100. Kila hati mpya inaipunguza sehemu ya mwenye hati ya zamani. Anayesema "nitasubiri bei irudi 60" akumbuke kuwa keki ile ile sasa inagawiwa watu wengi zaidi.

HAKI YAKE APEWE

Itakuwa uonevu kuishia hapo. Novemba 2022 waanzilishi waliachia uongozi na Francis Dufay akashika. Alikata matangazo, akapunguza usafiri wa bure, akapunguza wafanyakazi, akaifinya ofisi ya Dubai na kuwahamishia viongozi Afrika. Alisukuma matumizi ya vituo ambako mteja anafuata mzigo wake mwenyewe. Mwisho wa 2023 alifunga huduma ya chakula, na mwisho wa 2024 akaondoka Afrika Kusini na Tunisia.

Matokeo yanaonekana kwenye vitabu. Hasara ya uendeshaji iliyozidi dola milioni 200 mwaka 2022 ilishuka hadi karibu milioni 73 mwaka 2023 na milioni 66 mwaka 2024. Mwaka 2025 Axian Telecom, wenye mtandao wa simu uliojulikana Tanzania kwa jina la Tigo, walinunua karibu asilimia 8 ya kampuni.

Angalia kilichobadilika. Hakuna aliyeshinda ubishi wa uraia wala ule wa udanganyifu. Mtu mmoja alikaa na kalamu akaanza kuhesabu kifurushi. Bado ilikuwa hasara, lakini ya aina ambayo mtu anaweza kuipima.

SAFARICOM NA SOMO LAKE

Kuna watakaosema hisa zote za teknolojia ni kamari. Si kweli. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya. Kelele zilikuwa kubwa vile vile, watu walikopa benki wanunue, na ndani ya mwaka mmoja bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Wengi waliuza kwa hasira.

Lakini Safaricom iliingia sokoni ikiwa tayari inapata faida, na iliendelea kulipa gawio mwaka baada ya mwaka. Bei ilizidi shilingi 40 mwaka 2021, kisha ikaanguka chini ya 15 mwaka 2023. Aliyekopa alilazimika kuuza pabaya. Aliyenunua kwa akiba yake na kusubiri alikuwa akipokea gawio lake huku wengine wakibishana. Kushuka kwa bei ya kampuni inayoingiza fedha na kushuka kwa bei ya kampuni inayokula fedha ni vitu viwili, hata kama kwenye gazeti alama ya kushuka ni ile ile.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Siku hizi mtu anaweza kununua hisa za ng'ambo kwa simu akiwa kwenye foleni ya daladala. Kampuni nyingine itakuja, itaitwa "Amazon ya Afrika" au jina jingine tamu, na ubishi utaanza upya. Ukurasa huu unashauri msomaji ajibu maswali haya kwanza:

1. Kampuni imewahi kupata faida? Kama bado, hasara imekuwa ikiongezeka au kupungua kwa miaka mitatu mfululizo?

2. Fedha taslimu zilizopo zitatosha miezi mingapi kwa kasi ya matumizi ya sasa? Zikiisha, itakopa au itatoa hisa mpya?

3. Katika mauzo ya kawaida, baada ya usafiri, ghala na bidhaa zinazorudi, kinabaki kitu?

4. Anayeisifia au kuiponda anakula wapi? Ana hisa, ameazima hisa, au analipwa kamisheni?

5. Je, fedha unazoweka ni za akiba, au ni ada ya mtoto na mtaji wa duka?

Asiyeweza kujibu la tatu asinunue, hata kama maneno yanavutia na jirani ameshanunua. Na mwenye hisa za Jumia anayejiuliza auze au ashike, asitafute jibu katika mjadala wa nani Mwafrika na nani si Mwafrika. Afungue taarifa ya robo mwaka, ashuke hadi mstari wa fedha taslimu, aulinganishe na wa robo iliyopita. Kama pengo linazidi kufungwa, ana sababu ya kungoja. Kama linafunguka tena, ajue kuwa ombi jingine la fedha liko njiani, na safari hii anayeombwa ni yeye.